Nani ameiba nguvu ya maji? Historia ya bomba, kutoka Roma hadi vilima vya Butembo

Katika nyumba nyingi zenye bomba mjini Butembo na Beni, maneno makali ya asubuhi huanzia kwenye robine. Mama anaifungua, inapiga mluzi, inatoa hewa kwanza, halafu uzi mwembamba wa maji. Bidoni moja inachukua dakika nane au kumi. Watoto wanachelewa masomo, na lawama zinaanza kutafuta mtu wa kumwangukia. Siku hizi zinawaangukia mara nyingi familia zilizokimbia vita: "Tangu wageni waje, maji hayana nguvu tena."

Sentensi hiyo inatosha kuharibu ujirani. Mwenye nyumba anaanza kufunga robine kwa kufuli. Mkimbizi anaamka usiku kwenda kuchota bondeni ili asisemwe. Kwa hiyo ni vizuri tuulize swali hili kwa utulivu: nguvu ya maji inatoka wapi, na ikipungua, nani ameichukua? Watu wa miji mingine waliuliza jambo hilo hilo kabla yetu, na majibu waliyopata yanaweza kutusaidia hapa Rughenda.

Nguvu si wingi

Tuanze na mambo mawili ambayo watu huyachanganya: wingi wa maji na nguvu ya maji. Wingi ni maji mangapi yapo ndani ya tangi. Nguvu ni jinsi maji yanavyosukuma kutoka. Mfaransa Blaise Pascal, aliyekufa mwaka 1662, alieleza kwamba msukumo wa maji hutegemea kimo chake, si wingi wake. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilichapishwa mwaka 1663, baada ya kifo chake.

Maana yake nyumbani ni hii. Maji yanayoshuka kutoka kimo cha mita 10 yanaleta msukumo unaokaribia bari 1, kile kipimo ambacho mafundi wa maji hukitumia. Tangi lililokaa juu ya vyuma vya mita 3 linatoa karibu bari 0.3 tu. Ukiondoa tangi la lita 1,000 na kuweka la lita 5,000 kwenye kimo kile kile, umenunua siku nyingi zaidi za maji, lakini robine haitasukuma zaidi. Ukitaka nguvu, pandisha tangi.

Sisi tunaokaa juu ya vilima tunalijua jambo hili kwa miguu yetu. Chemchem nyingi za Butembo ziko chini, karibu na mabonde na mito kama Kimemi. Nyumba ziko juu. Maji hayapandi kilima bila kusukumwa. Ili nyumba ya juu ipate maji bila mashine, chemchem lazima iwe juu zaidi ya nyumba hiyo, hata kama iko kilomita nyingi kutoka hapo. Nyumba ikiwa karibu sawa na kimo cha chemchem au tangi, robine yake itakuwa dhaifu siku zote, hata mwenye nyumba akiishi peke yake.

Wezi wa Roma

Mwaka 97, mfalme wa Roma alimteua mzee mmoja aitwaye Frontinus kusimamia maji ya mji huo mkubwa. Maji ya Roma yalitoka milimani kwa mifereji mirefu ya mawe, yakishuka yenyewe. Watu walilalamika kwamba hayafiki. Frontinus hakuanza kuwalaumu wageni waliojaa mjini. Alipima. Alihesabu maji yanayoingia mwanzoni mwa kila mfereji, kisha akahesabu yale yanayogawanywa mwishoni, na hesabu mbili hizo hazikulingana.

Aliandika kitabu kuhusu aliyoyakuta. Baadhi ya wafanyakazi wa maji wenyewe walikuwa wametoboa mabomba chini ya barabara na kuuza maji kwa siri. Wengine waliweka mdomo wa bomba mpana kuliko ule ulioruhusiwa. Kwa sababu hiyo kila mdomo wa bomba ulitakiwa kuwa wa shaba nyeusi na kupigwa muhuri wa kipimo chake, na bomba linalofuata lisipanuliwe mara moja baada ya mdomo huo. Frontinus alielewa pia kwamba mdomo uliowekwa chini hunywa zaidi kuliko ule uliowekwa juu, hata kama upana ni mmoja.

Kila mtaa wenye bomba unaweza kujiona katika kioo hicho. Anayetoboa bomba kubwa usiku, au anayejiunga sehemu ya chini ya mtelemko kwa bomba pana, anachukua nguvu ya walioko juu na ya walioko mwisho wa mstari. Walioko juu hawamwoni. Wanaona tu robine yao inakohoa, kisha wanamtazama mgeni aliye uani kwao.

Mhandisi wa Dijon

Miaka zaidi ya elfu moja na mia saba baadaye, mji wa Dijon huko Ufaransa ulikuwa ukinywa maji mabaya ya visima. Mhandisi mzaliwa wa hapo, Henry Darcy, alitafuta chemchem nzuri nje ya mji, mahali paitwapo Rosoir. Mwaka 1840 maji yalifika Dijon kwa mfereji wa kilomita zaidi ya 12, yakishuka kwa mtelemko bila mashine yoyote. Darcy alikataa malipo ya kazi hiyo.

Baadaye aliendelea kuchunguza ni kwa nini maji hupoteza nguvu yakiwa safarini. Alijaribu mabomba mapya na mabomba ya zamani, mapana na membamba, na mwaka 1857 matokeo yake yalichapishwa. Alionyesha kwamba hali ya ukuta wa ndani wa bomba ina uzito mkubwa. Bomba lililoota kutu au lililojaa uchafu ndani linasugua maji na kula nguvu yake, hata kama kwa nje linaonekana zima.

Upana ni jambo kubwa zaidi. Kwa maji yale yale yanayopita, ukipunguza upana wa bomba hadi nusu, nguvu inayopotea njiani inaongezeka mara 30 na zaidi. Ndiyo sababu fundi anayechukua bomba la nusu inchi kwa mita 100, kwa kuwa lile la robo tatu ni ghali kidogo, anamwuzia mteja wake shida ya miaka mingi. Upana unaonekana kuwa tofauti ndogo sokoni, lakini ndani ya bomba jembamba hasara ya nguvu inaweza kufika mara saba hivi.

Tukumbuke pia kwamba kusugua huko kunatokea maji yakitembea tu. Usiku, watu wakiwa wamefunga robine, nguvu inarudi. Asubuhi, robine 50 zikifunguliwa pamoja kwenye bomba moja jembamba, nguvu inaisha njiani. Hakuna aliyeiba. Bomba limezidiwa.

Unguja na Mombasa

Hadithi hii ina sura yake katika Afrika yetu pia. Kolera ya miaka 1869 na 1870 iliua maelfu ya watu Unguja. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliagiza maji safi yaletwe Mji Mkongwe kwa mabomba kutoka chemchem za upande wa Bububu, na wananchi wakachota bila kulipa. Mtawala huyo alikuwa ameona miji ya nje, maana aliwahi kupelekwa uhamishoni Bombay kabla ya kuwa sultani. Aliyeleta bomba mjini, kwa namna fulani, aliwahi kuwa mhamishwa.

Mombasa ilipata bomba lake kubwa mwaka 1957, kutoka chemchem za Mzima ndani ya mbuga ya Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 hadi pwani. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1962 Mombasa ilikuwa na watu karibu 180,000. Katika hesabu ya mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.2. Bomba la wajukuu ni lile la babu. Kwa miaka mingi wamekuwa wakizungumzia bomba la pili kutoka Mzima, na wenyeji wameendelea kununua maji ya mikokoteni.

Hapo ndipo tunaona chanzo cha kwanza cha maji dhaifu katika miji yetu: bomba lilipimwa kwa ajili ya mji mdogo, kisha mji ukakua na bomba likabaki lilivyo.

Kwetu Kongo

Katika nchi yetu, REGIDESO iliundwa tarehe 30 Desemba 1939, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Mitambo ya wakati ule ilipimwa kwanza kwa ajili ya vituo vya serikali, makampuni na mitaa ya Wazungu. Butembo yenyewe ilikua kama mji wa wafanya biashara, kwa jasho la wenyeji zaidi kuliko kwa mipango ya serikali. Kwa miaka mingi watu wengi wameishi kwa chemchem zilizotengenezwa, kwa maji ya mvua, na kwa mabomba madogo yanayoshuka kutoka vilimani. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 ilikubali rasmi kwamba kazi ya maji si ya REGIDESO peke yake: mikoa, miji na wengine wana nafasi yao pia.

Tofauti na Goma inatufundisha kitu. Goma inapandisha maji ya Ziwa Kivu kwa pampu hadi kwenye matangi, kisha yanashuka mitaani. Volkeno ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, moto wake uliharibu tangi na mabomba, na mitaa mizima ikabaki mikavu. Januari 2025, vita ilipoingia Goma, umeme ulikatika, pampu zikasimama, na watu wakarudi ziwani na bidoni. Maji yanayopandishwa kwa mashine hufa siku umeme unapokufa.

Maji yanayoshuka yenyewe kutoka kilimani hayaogopi kukatika kwa umeme. Lakini yana maadui wake: tope linaloziba chujio kwenye chemchem baada ya mvua, hewa inayojikusanya pale bomba linapopanda kigongo, mmomonyoko unaolifunua bomba hadi likapasuka, na watu wanaojiunga bila kipimo. Maadui hao wote wanaweza kushindwa kwa jembe, fundi na komiti inayofanya kazi.

Halafu kulikuja vita

Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika wilaya ya Beni, familia nyingi zimehama zaidi ya mara moja. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 hadi 25 Juni 2020 tuliishi na Ebola, ambayo kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani iliua watu 2,287. Wakati huo tulijifunza sote kwamba ndoo yenye robine mlangoni ni kinga ya uhai. Juni 2024, Kanyabayonga ilipoanguka, watu walipanda kaskazini kuelekea Lubero na Butembo. Wengi hawakuingia kambini. Waliingia katika nyumba za ndugu, za marafiki, na hata za watu wasiowajua.

Sasa turudi kwenye lawama ile: je, wageni ndio waliopunguza nguvu ya maji? Tufanye hesabu.

Mashirika ya misaada yanafuata kanuni za Sphere, ambazo zinasema kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Kanuni hizo hizo zinahesabu kwamba robine inayofanya kazi vizuri inatoa lita 7.5 kwa dakika. Chukua nyumba yenye watu 6 iliyopokea wageni 8. Wote ni 14. Mara lita 15, tunapata lita 210, yaani bidoni 10 na nusu za lita 20. Gawanya kwa lita 7.5: ni dakika 28. Wenyeji na wageni pamoja wanahitaji robine nzima kwa muda usiofika nusu saa kwa siku.

Ni kweli kwamba wageni wanaongeza wingi wa maji yanayotumika, na tangi la nyumba litaisha mapema. Mtaa mzima ukijaa, chemchem ndogo inaweza kuelemewa. Mambo hayo tusiyafiche. Lakini nyumba yenye robine moja, ikifunguliwa na mtu mmoja au na familia tatu kwa zamu, inavuta kwenye bomba kwa namna ile ile. Kinachobadilika ni muda inaokaa wazi. Ukiona uzi mwembamba hata alfajiri, wageni wakiwa wamelala, basi mwizi wako yuko mahali pengine.

Jinsi ya kumtafuta mwizi

Chombo cha kwanza ni bidoni ya lita 20 na saa ya simu. Fungua robine mpaka mwisho, hesabu sekunde mpaka bidoni ijae. Kwa kipimo cha lita 7.5 kwa dakika, bidoni inajaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Ikichukua dakika 10, unapata lita 2 tu kwa dakika. Pima alfajiri, mchana na usiku wa manane. Kama usiku kuna nguvu na asubuhi hakuna, bomba la mtaa limezidiwa na robine nyingi zinazofunguliwa pamoja. Kama saa zote ni dhaifu, endelea kutafuta.

Uliza majirani wawili: mmoja aliye juu yako na mmoja aliye chini. Wote wakiwa na shida, kasoro iko kwenye bomba la mtaa au kwenye chemchem. Ukiwa peke yako, kasoro iko kwako.

Ndani ya kiwanja, pima robine iliyo karibu na mahali bomba linapoingia, kisha ile ya mwisho. Ya kwanza ikiwa na nguvu na ya mwisho ikiwa dhaifu, kuna kizuizi katikati. Anza na robine yenyewe: funga maji, ifungue, toa mchanga na kutu, angalia mpira wake wa ndani. Halafu tazama kila vane, yaani kile kifungio cha bomba. Mara nyingi fundi anapomaliza kazi anaiacha vane imefunguka nusu, na familia inateseka miezi kwa kitu cha kuzungusha kwa mkono.

Kisha tafuta maji yanayopotea. Funga robine zote na utazame mita ya maji, kama ipo. Ikiendelea kuzunguka, kuna mahali panapovuja. Kama hakuna mita, tembea juu ya njia ya bomba wakati wa kiangazi: udongo wenye unyevu na majani mabichi peke yake ni mashahidi wazuri. Bomba la chuma la siku nyingi, kama ndani limebaki tundu la kidole kwa sababu ya kutu, halisafishiki. Weka la plastiki, na lisiwe jembamba kuliko la kwanza.

Robine ikikohoa hewa kila siku, bomba lina kigongo kinachoshika hewa. Fundi anaweza kuweka mahali pa kuitolea pale juu kabisa. Na baada ya mvua kubwa, kabla ya kumlaumu mtu yeyote, komiti ipande hadi kwenye chemchem kuangalia chujio. Salongo ya saa mbili imewahi kurudisha maji kuliko mikutano ya wiki mbili.

Kuna dawa moja ambayo ni sumu. Baadhi ya wenye uwezo wanafunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili ivute. Nyumba yao inapata, majirani wanakauka. Ubaya haushii hapo: pampu ikivuta kwa nguvu, bomba linanyonya maji machafu ya ardhini kupitia kila ufa, na kila aliye kwenye mstari huo anaweza kuyanywa, hata mwenye pampu. Katika mji uliopitia Ebola na unaoogopa kolera, jambo hilo si la mtu binafsi. Mwenye pampu aweke tangi lijazwe na maji yanayoshuka yenyewe usiku, kisha avute kutoka kwenye tangi lake.

Daftari ya mtaa

Frontinus alipata ukweli kwa kuandika. Mtaa unaweza kufanya hivyo kwa daftari moja ya shule. Nyumba kumi, za juu na za chini, zipime bidoni mara tatu kwa siku kwa wiki moja: tarehe, saa, muda wa kujaza. Wenyeji wapime, wakimbizi wapime, vijana wanaojua hesabu waandike. Mwisho wa wiki, kurasa hizo zitaonyesha ni mahali gani pa mstari nguvu inapotea, na kama inapotea saa zote au saa za msongamano tu. Kwa chifu wa mtaa, kwa komiti ya maji au kwa mfadhili, kurasa kumi za namba zina uzito kuliko kelele za watu mia.

Na pale nyumbani, kabla daftari haijakamilika, kufuli inaweza kutoka kwenye robine leo jioni. Panga zamu, wageni wapewe dakika zao na wenyeji zao. Kwa robine nzima, watu 14 wanahitaji dakika 28.